Kosa Lisilolipwa kwa Mbuzi

Mpunga unapoanza kuiva katika bonde la Kilombero, watu huhama. Nyumba za kijijini hufungwa kwa kufuli. Kuku hutiwa kwenye matenga, na familia nzima hushuka bondeni kulala mashambani. Huko hukaa mpaka mavuno yaishe. Kazi kubwa ni kuamia, yaani kuwafukuza ndege wasiumalize mpunga. Ndege hawana Jumapili wala sikukuu. Shamba likikosa mtu wa kupiga kelele mchana kutwa, mwenye shamba atavuna makapi.

Theodosia aliijua kazi hiyo tangu utoto wake. Sasa alikuwa mjane mtu mzima, mwenye sauti ya kusikika mashamba matatu. Alisimama juu ya dungu, kichanja kirefu cha miti, akivuta kamba zilizofungwa makopo matupu. Mkwe wake Dorotea, mke wa mwanawe Salvatory, alisimama kwenye dungu la pili, upande wa juu, karibu na kibanda chao cha kulala.

"Doro!" aliita Theodosia. "Hao ndege unawafukuza au unawaimbia?"

"Nawafukuza, mama!"

"Basi hawajakuelewa. Naona wanaitana waje kusikiliza!"

Dorotea alicheka mpaka akashika mti wa dungu asianguke. Majirani walizoea kuwasikia wakitaniana hivyo, na wengine waliwaonea wivu. Si kila siku utaona mkwe na mama mkwe wanacheka pamoja.

Kibandani walikuwa watu wanne. Theodosia, Salvatory na mkewe, na kijana mmoja aliyeitwa Beatus. Beatus alikuwa mtoto wa marehemu dada yake Theodosia. Mama yake alikufa kabla mtoto hajajua kutembea. Theodosia alimbeba, akamlisha, akamsomesha mpaka darasa la saba. Beatus alimwita mama, na Theodosia hakuwahi kumwona kuwa mtoto wa mtu mwingine.

Mwaka ule mvua zilichelewa, na majani ya malisho yalikuwa haba. Wafugaji walikaa upande wa pili wa bonde, kwenye maboma yao. Walikuwa Wasukuma waliohamia zamani, na wengi wa watoto wao walizaliwa hapohapo. Minza, mke wa mfugaji aitwaye Maduhu, alikuwa akimletea Theodosia maziwa, na Theodosia alimpa mchele. Lakini siku hizi hata salamu zilikuwa za haraka. Wakulima walikuwa wamelima mpaka ndani ya eneo la malisho. Wafugaji nao walikuwa wakipitisha ng'ombe kwenye majaruba ya mpunga ya watu. Kila upande ulikuwa na kosa lake, na kila upande uliona la mwenzake tu.

Asubuhi moja, jua likiwa limeanza kuchoma, yowe lilipigwa kutoka upande wa chini.

"Ng'ombe! Ng'ombe wameingia! Jamani, tunakwisha!"

Huko bondeni yowe lina sheria yake. Likipigwa, kila mwanaume huchukua panga au mkuki na kukimbia linakotokea. Hakuna anayebaki. Mwanaume akibaki, wenzake humwita mlinzi wa vyungu, na jina hilo litamfuata mpaka uzeeni. Wanawake nao hawaondoki. Wao hubaki juu ya madungu, maana ndege hawajui kama kuna vita. Mababu waliifuata desturi hiyo walipokuwa wakikabiliana na viboko na nguruwe. Hakuna aliyewahi kukaa akafikiri inawaachaje wanawake pale watu wanapokabiliana na watu.

Salvatory alikimbia na panga. Beatus alimfuata. Kufumba na kufumbua, bonde zima lilibaki na wanawake na watoto, kila mmoja peke yake kwenye shamba lake.

Theodosia aliendelea kuamia. Kutoka mbali alisikia kelele za wanaume. Baadaye alishangaa. Makopo ya Dorotea yalikuwa yamenyamaza kitambo, na ndege walikuwa wametua upande wa juu bila wasiwasi.

"Huyu amelala," alinung'unika, akashuka. "Watu wanauana, yeye anauchapa usingizi."

Dorotea hakuwa amelala. Alikuwa ameketi nyuma ya kibanda, amekumbatia magoti. Kitenge chake kilikuwa kimechanika, na midomo yake ilikuwa imevimba. Hakuinua macho.

Theodosia alipiga magoti mbele yake. Hakuuliza kitu. Mwanamke mtu mzima akiona hali ile anaelewa, na Theodosia alielewa.

Kisha alifanya alilofundishwa na bibi zake. Aliwasha moto na kuteleka sufuria kubwa la maji. Mwanamke aliyefikwa na jambo kama lile huoshwa mwili mzima, nguo zake huchomwa, na mdomo hufungwa. Walisema aibu huondoka na maji. Theodosia hakuwa na nia mbaya. Alimpenda mkwe wake, na maji ya moto ndiyo dawa pekee aliyoijua.

Maji yalipoanza kutoa mvuke, Rabia alitokea. Rabia alikuwa na duka la wazazi wake pale kijijini, watu waliotoka Pwani zamani. Tena alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Aliposikia kuna majeruhi bondeni, alifunga duka, akashuka na mkoba wa dawa.

"Shikamoo, Mama Salva."

"Marahaba. Majeruhi wako chini huko. Hapa hakuna kitu."

Rabia alimtazama Dorotea. Akalitazama sufuria. Akaona na kitenge kilichochanika kimewekwa karibu na moto.

"Mama Salva," alisema taratibu, "naomba uondoe hayo maji motoni."

"Nataka kumwosha mwanangu. Kuna ubaya gani?"

"Hujakosea kumpenda. Lakini ukimwosha sasa, unamwosha pia huyo aliyemuumiza. Alama zake zitakwenda na maji, na polisi watakosa ushahidi. Na hiyo nguo usiichome. Haifuliwi, wala haitiwi kwenye mfuko wa plastiki, maana itaoza. Inatunzwa kwenye karatasi, ikiwa kavu."

"Polisi!" Theodosia alishtuka. "Unataka dunia nzima ijue? Aibu hii nitaificha wapi?"

"Aibu ni ya nani, mama? Mwizi akikuibia kuku, utaona aibu wewe?"

Theodosia aliinuka. Aliliondoa sufuria motoni, akaliweka chini.

Rabia alikaa karibu na Dorotea, lakini hakumgusa. "Dada Dorotea, pole sana. Kosa si lako. Hukulitafuta, na hukulikaribisha. Hutalazimishwa kueleza chochote usichotaka. Nikueleze kitu kimoja tu, halafu utaamua mwenyewe?"

Dorotea alitikisa kichwa kukubali.

"Hospitali wana dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi. Lazima uanze kuzimeza kabla siku tatu hazijapita, na ukiwahi zaidi ndiyo bora. Utazimeza kwa mwezi mzima. Wana dawa ya kuzuia mimba pia, na ya kuzuia magonjwa mengine ya zinaa. Ukifika utatibiwa kwanza. Fomu ya polisi, ile PF3, inaweza kufuata ukiwa hapohapo. Hata kama mtu ameshaoga, bado aende. Asibaki nyumbani kwa kudhani amechelewa."

"Nitakwenda," alisema Dorotea. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Rabia alisogea pembeni kuita bodaboda kwa simu. Hapo ndipo Dorotea alipomshika mama mkwe wake mkono.

"Mama. Hakuwa mfugaji."

"Nani, mwanangu?"

"Alirudi akasema amesahau mkuki." Dorotea alimeza mate. "Beatus, mama."

Theodosia alitamani masikio yake yasingesikia. Kwa kitambo kifupi alimchukia Dorotea kwa kulitamka jina lile. Kisha alijichukia yeye mwenyewe kwa kumchukia. Alimkumbuka Beatus akiwa mgongoni kwake, ana homa, naye akimwimbia usiku kucha. Alimtazama na huyu binti aliyekaa mavumbini mbele yake, mdomo umevimba. Machozi yalimtoka, na hakujua anamlilia yupi.

Mchana ulipokwisha, wanaume walirudi. Wawili walikuwa na majeraha ya fimbo, na mmoja alikatwa mkononi. Walikusanyika penye kibanda cha Stanislaus, mwenyekiti wa kitongoji, hatua chache kutoka kwa Theodosia. Jirani mmoja alikuwa amepita, akamwona Dorotea, na mdomo wake haukutulia. Sasa habari ilikuwa imeenea, tena imeongezewa chumvi.

"Wafugaji wamembaka mke wa Salvatory!" sauti moja ilipaa. "Twendeni kwenye boma la Maduhu kabla jua halijazama! Wamemgusa mke wetu, na sisi tutawagusa wake zao!"

Theodosia aliijua sauti ile. Yeye ndiye aliyeifundisha kutamka neno la kwanza. Ilikuwa ya Beatus.

Wanaume waliitikia kwa kishindo. Mapanga yalianza kunolewa juu ya mawe. Salvatory alikuwa amesimama katikati yao, macho mekundu.

Bodaboda, iliyochelewa kwa ubovu wa njia ya bondeni, ilifika. Rabia alimsaidia Dorotea kupanda, naye akapanda nyuma yake, kitenge kikiwa kimefungwa kwenye karatasi. Theodosia alimfunika mkwe wake kwa kanga yake mwenyewe, kisha akamsogelea sikioni.

"Doro, unasikia wanavyosema. Habari hii ni yako, si yangu. Nikiwaambia hakuwa mfugaji, utaniruhusu?"

Dorotea aliyatazama mapanga.

"Waambie, mama. Bomani kwa Maduhu kuna wanawake wenzangu. Wasiumizwe kwa jina langu. Jina la yule nitalitaja mwenyewe polisi."

Pikipiki iliondoka. Theodosia alivuta pumzi, akatembea hadi kwa wanaume. Kwa desturi zao mwanamke haingii katikati ya mapanga. Yeye aliingia.

"Wekeni chini hizo silaha," alisema.

"Mama Salva, huu si wakati wa wanawake," alisema Stanislaus.

"Si wakati wa wanawake? Mnakwenda kuua kwa ajili ya mwanamke, lakini hakuna hata mmoja wenu aliyemuuliza huyo mwanamke! Mimi nimemuuliza. Hakuwa mfugaji."

Mapanga yalinyamaza.

"Alikuwa nani, basi?" Salvatory alipiga kelele. "Mama, nitajie!"

"Sitakutajia. Nikikutajia, utaua, na mimi nitabaki na mtoto gerezani. Jina lake watalisikia polisi. Wewe mfuate mkeo hospitali. Ukifika, usimuulize kwa nini hakupiga kelele, wala kwa nini alibaki peke yake. Sisi ndio tuliomwacha peke yake. Mwambie uko naye, basi."

Salvatory alilitupa panga. Alilia mbele ya wanaume wenzake bila kujificha, kisha akaondoka mbio kuelekea barabarani. Wanaume walianza kutazamana. Kila mmoja alikuwa akijiuliza nani aliachana na kundi, na lini. Beatus, aliyekuwa mbele ya wote, sasa alikuwa nyuma ya wote.

Kabla giza halijaingia, alimfuata Theodosia jikoni. Alipiga magoti.

"Mama, ni shetani. Nisaidie. Nifiche."

"Shetani hana mikono, Beatus. Mikono ni yako."

"Utanikabidhi polisi? Mimi mwanao?"

Theodosia aligeukia chungu. Alimpa chakula, naye akakila huku akilia. Kulipokucha, Beatus hakuonekana. Alikuwa amechukua begi lake.

Asubuhi hiyo Stanislaus alikuja na wazee wawili wa ukoo. Habari zilikuwa zimeshawafikia, maana kijana aliyekimbia anajitaja mwenyewe. Wazee walikuja na mbuzi mweupe, amefungwa kamba.

"Mama Salva," alianza Stanislaus kwa sauti ya upole, "jambo hili ni zito, lakini ni letu. Yaliyopita si ndwele. Beatus ni damu yako. Tuchinje mbuzi, tuombe radhi mizimu ya wazee, tumpe Dorotea pole yake. Yaishe nyumbani. Ya nini kwenda kuwachekesha wafugaji?"

Theodosia alimtazama mbuzi, kisha akawatazama wazee mmoja mmoja. Angeweza kukubali. Ilikuwa rahisi. Beatus angerudi, chungu kingepikwa, na watu wangesahau. Ni Dorotea tu ambaye asingesahau. Angekuwa akimpakulia ugali mtu yule, kila siku, huku ameinamisha macho.

"Jana mlidhani ni mfugaji," alisema, "mkataka kuvamia boma lenye watoto. Leo mmejua ni wetu, mnataka kuchinja mbuzi. Kwani mwili wa Dorotea ni uleule au ni miwili? Mwondoeni mbuzi wenu."

Wazee waliondoka na mbuzi wao. Theodosia alivaa viatu, akapanda juu mpaka barabarani, akakata tiketi ya gari la Ifakara.

Dorotea alikuwa amelazwa hospitali, ameanza dawa. Salvatory alikuwa ameketi kando ya kitanda. Alikuwa amemshika mkewe mkono. Rabia alimpeleka Theodosia kwenye dawati la jinsia na watoto, pale polisi. Huko alipokewa na askari wa kike, Afande Jihan, katika chumba chenye mlango wa kufungwa, si pale kaunta mbele za watu.

Theodosia alieleza yote. Alieleza sufuria la maji, maneno ya Dorotea, na maneno ya Beatus jikoni. Alipofika kwenye mbuzi, Afande Jihan aliweka kalamu chini.

"Mama, asante kwa kumkataa huyo mbuzi. Kubaka ni kosa la jinai. Ukoo hauwezi kulisamehe kwa niaba ya aliyeumizwa, wala mwenyekiti hawezi kulisuluhisha. Anayelimaliza nyumbani anamficha mhalifu."

"Wao wanasema yalitokea kwenye vita, na vita havina macho."

"Hata vita vina sheria, mama. Nchi zikipigana kwa vifaru na mizinga, sheria za dunia zinasema asiye na silaha haguswi. Kumbaka mwanamke vitani ni uhalifu wa kivita, awe amefanya askari wa adui au askari wa upande wake mwenyewe. Kama hao wenye mizinga wanafungwa na sheria, sisi tunaogombea malisho na mpunga tutasema nini? Mwanamke hapotezi haki zake kwa sababu yowe limepigwa."

"Na mimi niliyemlea, mnanichukuliaje?"

"Tunakuchukulia kuwa shahidi," alisema Afande Jihan. "Na ni shahidi mgumu kumpata."

Beatus alikamatwa Mlimba, akisubiri treni. Theodosia ndiye aliyewaambia polisi kwamba ana rafiki huko.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu. Baadhi ya ndugu waliacha kumsalimia Theodosia. Wengine walisema Dorotea amevunja ukoo. Rabia alimletea Dorotea dawa zake, akakaa naye, akamsikiliza. Alimpeleka pia kwa mshauri hospitalini. "Kidonda cha moyoni nacho kina daktari wake," alisema. Dorotea alipopimwa tena baada ya miezi mitatu, alikutwa hana virusi wala mimba. Theodosia alipiga vigelegele hapohapo kwenye korido, mpaka muuguzi akamwomba anyamaze.

Mavuno yalipokwisha, serikali ya kijiji iliitisha mkutano wa amani kati ya wakulima na wafugaji. Mikutano ya namna hiyo ilikuwa imefanyika mara nyingi. Wanaume walikaa, wakataja mpunga ulioliwa na ng'ombe waliokatwa, wakalipana, wakashikana mikono. Safari hii Afande Jihan, aliyealikwa kuuongoza, alisema hataanza mpaka wanawake wa pande zote mbili waketi mbele.

Minza alisimama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema mbele ya watu.

"Yowe lenu likipigwa," alisema, "sisi wa bomani tunakimbilia vichakani na watoto. Hukohuko vichakani ndiko tunakokutana na mabaya. Wanaume wakipatana, wanahesabu ng'ombe na magunia. Sisi hatuhesabiwi. Na waliotufanyia mabaya si wakulima peke yao."

Maduhu aliinama. Stanislaus naye aliinama. Theodosia alimwendea Minza, wakashikana mikono, na wala hapakuwa na aliyewaambia wafanye hivyo.

Siku ile walikubaliana mambo mapya. Mahali wanapolala wanawake na watoto hapatavamiwa na upande wowote, kwa sababu yoyote. Anayemuumiza mwanamke atapelekwa polisi, awe wa wakulima au wa wafugaji, na jambo lake halitaingizwa kwenye mapatano ya ng'ombe na mpunga. Kamati ya amani itakuwa na wanawake wa pande zote mbili, na Dorotea alipoulizwa kama angependa kuingia, alikubali. Hata sheria ya yowe ilibadilishwa. Likipigwa, filimbi zipulizwe, wanawake na watoto washuke kutoka kwenye madungu, wakusanyike shuleni pamoja. Walinzi wao watachaguliwa na wanawake wenyewe, maana wao ndio wanaojua nani anaaminika.

"Na ndege je?" aliuliza mzee mmoja. "Wataumaliza mpunga!"

"Mpunga tutaupanda tena," alijibu Dorotea.

Msimu uliofuata yowe lilipigwa kweli. Filimbi zililia shamba kwa shamba, na wanawake wakaondoka kwa makundi. Stanislaus alimpigia Maduhu simu kabla hajagusa panga. Wakaja vijana wa pande zote mbili, wakawatoa ng'ombe pamoja. Ndege walikula jaruba zima la Theodosia, naye alilalamika wiki nzima, lakini hakuna mtu aliyeumizwa. Na walinzi wa shuleni hakuna aliyethubutu kuwaita walinzi wa vyungu.

Kesi ilisikilizwa Ifakara, katika chumba kilichofungwa, ili Dorotea asieleze maumivu yake mbele ya umati. Yeye alitoa ushahidi wake akiwa ameinua uso. Daktari alieleza aliyoyaona, na kile kitenge kilicholetwa kwenye karatasi kilieleza mengine. Kisha akaitwa Theodosia.

Beatus alikuwa kizimbani. Alikuwa amekonda. Alipomwona, midomo yake ilitamka "mama" bila sauti.

Wakili wake alisimama.

"Mama, ni kweli mshtakiwa umemlea wewe tangu akiwa mchanga?"

"Kweli."

"Anakuita nani?"

"Mama."

"Basi tueleze. Ni mama gani anayekuja mahakamani kumfunga mwanawe?"

Sheria ya kosa lile ni kali, kifungo chake ni miaka thelathini, na Theodosia alilijua hilo. Alijua pia kwamba miaka hiyo ikiisha, yeye hatakuwepo. Alimtazama Beatus machoni, kwa upendo uleule wa siku zote.

"Nilimlea asiibe, asiue, na asimguse mtu asiyetaka," alisema. "Sikufika mwisho. Leo nimekuja kumaliza kumlea."

Wakili aliketi.

Nje, Dorotea na Salvatory walikuwa wakimngoja Theodosia kwenye benchi. Dorotea alisimama, akamkumbatia, akamwacha alie mpaka alipomaliza.